Jinsi Joto Linavyoiumba Mbegu

Mbegu ni mmea mchanga uliofungiwa ndani ya ganda pamoja na akiba yake ya chakula. Kiinitete kilichomo ni hai: kinapumua polepole, kinazeeka na kinasubiri. Baada ya maji, hakuna kinachokiongoza zaidi katika kusubiri huko kuliko joto. Joto huamua mbegu itaota lini na kwa kasi gani, itadumu muda gani ghalani, na itakuwa kubwa kiasi gani inapokomaa juu ya mmea mama. Mbegu inayokosea kulisoma joto hufa bila kuacha kizazi, na inayolisoma vizuri huacha watoto wenye tabia kama yake. Ndivyo uteuzi asilia ulivyozichonga mbegu kwa mamilioni ya miaka.

Sasa joto lenyewe linabadilika. Wastani wa joto nchini Tanzania umepanda kwa takriban nyuzi joto 1 za sentigredi tangu mwaka 1960. Duniani kote, 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda ambao wastani wake ulizidi kwa zaidi ya nyuzi joto 1.5 ule wa nusu ya pili ya karne ya 19. Mbegu zilizoumbwa na majira ya kale zinalazimika kuota katika majira mapya. Baadhi zitabadilika pamoja nayo. Nyingine hazina muda huo.

Mbegu tatu za bonde moja

Magomeni na Kariakoo zinatenganishwa na Bonde la Msimbazi, pale Jangwani ambako Barabara ya Morogoro hufungwa kila mafuriko yanapozidi. Katika bonde hilo na kandokando yake zinapatikana mbegu tatu ambazo kila moja imelijibu joto kwa njia yake.

Ya kwanza ni ya mchicha unaolimwa kwenye matuta bondeni. Ni kitone cheusi kinachong'aa, na mbegu elfu moja hazifikishi gramu moja. Mkulima huichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga ili isirundikane, na udongo ukiwa na joto na unyevu huchomoza ndani ya siku chache tu. Ndugu zake wa porini, michicha inayojiotea, wana subira zaidi. Mbegu zao hukaa ardhini miaka kadhaa zikipima mwanga na tofauti ya joto la mchana na la usiku. Karibu na uso wa ardhi joto hupanda mchana na kushuka usiku. Chini zaidi halibadiliki sana. Mbegu ndogo iliyofukiwa mbali haina akiba ya kuisukuma hadi juu, hivyo mabadiliko hayo ya joto ndiyo yanayoiambia kwamba uso uko karibu na safari inawezekana.

Ya pili ni ya mbuyu, ile ambayo mtoto wa uswahilini huinyonya mpaka unga na rangi vimalizike, kisha akaitema. Kinachobaki ni punje ya kahawia yenye umbo la figo, ngumu kiasi kwamba jino haliliwezi ganda lake. Maji nayo hayaliwezi kwa urahisi. Ikipandwa vivyo hivyo, punje chache tu huota. Wanaootesha mibuyu huikwaruza au huilowesha kwenye maji ya moto kwanza. Porini kazi hiyo hufanywa na matumbo ya wanyama, na jua kali linalolitanua na kulisinyaza ganda msimu baada ya msimu mpaka lipate ufa. Ukwaju na migunga mingi hutumia mbinu iyo hiyo.

Ya tatu iko kwenye mdomo wa Mto Msimbazi, karibu na Daraja la Selander, kwenye mikoko. Mbegu ya mkoko haisubiri kabisa. Huota ingali inaning'inia kwa mama yake, ikatoa shina refu la kijani lililochongoka kama mkuki, kisha ikadondoka ikiwa tayari ni mche. Pwani yenye joto na maji mwaka mzima haina msimu mbaya wa kuukimbia kwa kulala. Gharama ya tabia hiyo huonekana mbali na ikweta: mikoko hukomea pale baridi inapoanza kuua, kwa sababu mche wake hauna namna ya kujificha ndani ya ganda mpaka baridi ipite.

Mbegu zote tatu zinajibu swali moja: ni lini salama kuota? Mchicha hupima, mbuyu hungoja, mkoko hujitosa.

Mipaka ya kuota

Kila aina ya mmea ina viwango vitatu vya joto kwa ajili ya kuota: kiwango cha chini ambacho chini yake hakuna kinachotokea, kiwango kizuri ambapo kasi ni kubwa kuliko zote, na kiwango cha juu ambacho mbegu haikivuki. Viwango hivyo ni historia ya mmea iliyoandikwa kwa nambari. Ngano, iliyotoka Mashariki ya Kati kwenye mvua za kipindi cha baridi, huweza kuota kwenye nyuzi joto chache tu juu ya sifuri. Mahindi huhitaji takriban 10 ili yaanze. Uwele, uliofugwa Sahel zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, huanza kwenye nyuzi joto 10 hadi 12, hustawi kwenye 33 au 34, na huendelea kuota hata joto linapozidi 40.

Saladi inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mbegu nyingi za saladi hukataa kuota udongo unapozidi takriban nyuzi joto 30, hata zikiwa mpya na zimemwagiliwa vizuri. Babu yake wa porini anatoka maeneo ya Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi, ambako udongo wa moto maana yake ni kiangazi kisicho na mvua. Mbegu iliyoota wakati huo ilikufa. Iliyolala mpaka ardhi ipoe iliishi. Mzao wake anapomwagwa kwenye tuta la Magomeni mwezi Februari, bado anaitii amri iliyotungwa kwa ajili ya kiangazi cha mbali. Jirani yake mchicha, mtoto wa nchi za joto, anachomoza kwenye tuta lilelile. Mtunza bustani anayeijua tabia hiyo huotesha saladi kwenye kitalu chenye kivuli, au hungoja miezi ya Juni hadi Agosti.

Kumbukumbu ya mama

Mbegu hulisoma joto hata kabla ya kuachana na mmea mama. Jambo hili limechunguzwa sana kwenye mmea mdogo wa jamii ya kabichi uitwao Arabidopsis thaliana. Mama akikomaza mbegu zake katika hali ya ubaridi, ganda huwa gumu zaidi kupenyeka na usingizi wa mbegu huwa mzito. Akizikomaza kwenye joto, usingizi huwa mwepesi na mbegu huota kwa haraka. Jeni moja inayoshika uzito wa usingizi huo, DOG1, ilitambuliwa mwaka 2006 kwa msaada wa mimea ya visiwa vya Cape Verde, ambayo mbegu zake zina usingizi mzito kupindukia.

Hapo ndipo penye fundo. Kama joto la msimu mmoja hupunguza usingizi wa mbegu, ingetarajiwa kwamba mimea ya nchi zenye joto iwe na mbegu zisizolala. Kinachoonekana kwa Arabidopsis ni kinyume. Jamii zake zinazoishi kwenye viangazi vya moto na ukame ndizo zenye usingizi mzito katika urithi wao, na za kaskazini kwenye baridi mara nyingi zina usingizi mwepesi. Joto la msimu huisukuma mbegu iamke. Uteuzi wa vizazi vingi huijengea breki ili isiamke wakati wa hatari. Breki hiyo ni kazi ya jeni zilizochujwa kwa vifo vya mbegu nyingi.

Ukubwa wa punje

Mvutano huohuo upo kwenye ukubwa. Katika msimu mmoja, joto kali huharakisha ukomavu, na muda wa kujaza punje hupungua. Mmea hauwezi kuongeza kasi ya kupeleka chakula kiasi cha kufidia siku zilizopotea, hivyo punje hutoka ndogo na nyepesi. Mchele unaouzwa Kariakoo hubeba ushahidi wake. Mpunga ukijazwa punje wakati wastani wa joto umezidi takriban nyuzi 26, wanga haujipangi vizuri, na katikati ya punje hubaki doa jeupe kama chaki. Punje ya namna hiyo ni dhaifu; ikipita kwenye mashine ya kukoboa huvunjika na kuwa chenga. Mnunuzi anayemwaga mchele kiganjani na kuutazama juani anasoma, pamoja na mambo mengine, joto la shamba lililouzaa.

Kwa vizazi vingi picha hugeuka. Uchunguzi wa mimea ya dunia nzima uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wastani wa uzito wa mbegu hushuka mara 320 kutoka ikweta hadi latitudo ya 60. Nchi za joto ndizo zenye mbegu kubwa. Sababu zake ni zaidi ya moja: misitu minene inayodai mche wenye akiba ya kuishi kivulini, ndege na wanyama wanaoweza kubeba matunda makubwa, na msimu mrefu wa kukua. Joto lenyewe nalo limo. Usiku wa joto mmea hupumua kwa kasi na kuunguza sehemu ya chakula chake, hivyo mche unaoanza maisha na akiba kubwa una nafasi nzuri zaidi.

Kwa hiyo joto la msimu mmoja na joto la maelfu ya vizazi huvuta kamba pande mbili. La kwanza huifanya mbegu iwe ndogo na isiyolala. La pili limezawadia mbegu kubwa, na mahali penye kiangazi kikali, mbegu inayojua kulala. Mageuko yamekuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya kurekebisha hasara ambayo joto huifanya kila msimu. Hatari ya leo ni kwamba hasara inaongezeka kwa kasi huku urekebishaji ukienda kwa mwendo wake wa zamani.

Kabla ya mbegu kuna ua

Sehemu dhaifu kuliko zote katika safari ya mbegu ni chavua. Ua la mpunga hufunguka kwa muda wa saa moja au mbili hivi, na joto likizidi takriban nyuzi 35 wakati huo, chavua hushindwa kufanya kazi na suke hubaki na mapepe. Baadhi ya mimea imejifunza kuikwepa saa hiyo. Mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima, uliofugwa kwenye delta ya ndani ya Mto Niger miaka takriban 3,000 iliyopita, una aina zinazofungua maua mapema asubuhi, kabla jua halijakaza. Watafiti wa mpunga wa Asia wanaitafuta tabia hiyohiyo kwa kuuzalisha na ndugu zake wa porini.

Kwa kunde, adui ni joto la usiku. Kunde zisizozoea usiku wa moto huchanua vizuri lakini hazifungi maganda, kwa sababu chavua huharibika siku kadhaa kabla ya ua kufunguka. Watafiti wa California walipotaka kunde zinazovumilia, walizipata kwenye aina zilizotoka Nigeria: mbegu ambazo wakulima wa Afrika walikuwa wamezichagua kwa vizazi bila maabara. Mahindi, mgeni kutoka Mexico, yana uvumilivu mdogo. Takwimu za majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, zilizochapishwa mwaka 2011, zilionyesha kwamba kila nyuzi joto 1 juu ya 30 kwa siku 1 hupunguza mavuno kwa asilimia 1 mvua ikiwa nzuri, na kwa asilimia 1.7 wakati wa ukame.

Mkono wa mkulima

Ufugaji wa mimea ulibadilisha mbegu zaidi kuliko tukio lolote la karibuni. Kunde za porini ni ndogo na ngumu, na maganda yake hupasuka na kuzirusha mbegu mbali. Mtama wa porini hupukutika kabla haujavunwa. Mashariki ya Sudan, miaka takriban 5,000 iliyopita, watu walianza kuvuna na kupanda tena masuke yaliyoshikilia punje zake, na taratibu mtama usiopukutika ukashika mashamba. Katika safari hiyo mazao yalipoteza pia sehemu kubwa ya usingizi wa mbegu. Mkulima alitaka mbegu iote siku aliyoipanda, na iliyochelewa haikuvunwa.

Faida hiyo ina deni. Mbegu iliyofugwa haijui tena kungoja. Mvua ya kwanza ikinyesha kwenye udongo wa moto kisha ikakatika wiki mbili, mbegu za shambani huota zote kwa pamoja na kufa zote kwa pamoja, huku za magugu zikiwa na akiba ya ndugu waliolala chini.

Hata hivyo mkono huohuo unaweza kuharakisha mabadiliko. Nchini Niger watafiti walilinganisha mbegu za uwele zilizokusanywa vijijini mwaka 1976 na nyingine zilizokusanywa mwaka 2003, wakazipanda pamoja. Uwele wa 2003 ulichanua mapema zaidi, mashina yake yalikuwa mafupi na masuke madogo. Katikati ya miaka hiyo Sahel ilipita kwenye ukame uliojirudia. Wakulima walikuwa wakihifadhi mbegu kutoka kwenye mimea iliyowahi kukomaa, na miaka 27 ilitosha kuonyesha tofauti. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu mbili: kuna waliohifadhi mbegu za zamani kwenye baridi, na kuna walioendelea kuzipanda juani.

Joto la ghala

Uteuzi hauishii shambani. Kanuni aliyoiweka James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, inasema kwamba kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5, maisha ya mbegu kavu huongezeka mara mbili; na kila unyevu ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia 1, huongezeka mara mbili tena. Hesabu yake ni kali kwa mji kama Dar es Salaam. Kutoka nyuzi joto 15 hadi 30 ni hatua tatu, yaani maisha ya mbegu hugawanywa kwa nane. Mbegu ambayo ingedumu miaka 8 penye ubaridi itadumu mwaka 1 tu kwenye chumba cha nyuzi joto 30, hata unyevu wake usipobadilika. Hewa nzito ya pwani nayo huurudisha unyevu ndani ya pakiti iliyofunguliwa.

Hii ndiyo sababu pakiti mbili za mbegu ileile, zilizonunuliwa kwenye maduka mawili ya pembejeo Kariakoo, zinaweza kuota tofauti kabisa. Moja imekaa kwenye rafu ya ndani, nyingine imepigwa na jua la mlangoni. Wazee wa vijijini waliijua kanuni hiyo kwa vitendo: walitundika mahindi ya mbegu juu ya jiko ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu, na kunde walizichanganya na majivu kwenye mtungi. Kila mwaka, mbegu zilizohimili ghala ndizo zilizopandwa, na hivyo udumu wenyewe ukawa tabia iliyochujwa.

Wasioweza kukimbia

Kasi ya mageuko hupimwa kwa vizazi. Mchicha unaweza kutoa vizazi vitatu kwa mwaka, yaani 150 kwa miaka 50. Mbuyu huchukua zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kuchanua mara ya kwanza. Katika miaka hiyohiyo 50 vizazi vyake huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Joto linalopanda ndani ya maisha ya mtu mmoja ni mwendo ambao mchicha unaweza kuufuata. Mti hauwezi.

Kwa miti, njia nyingine ni kuhama. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 kila meta 100 za mwinuko, kwa hiyo kwenye milima ya Usambara mbegu inayobebwa na ndege kwenda juu inaweza kuikuta hali ya hewa ya bibi zake. Msitu wa Pugu, kusini-magharibi ya Dar es Salaam, hauna nafasi hiyo. Ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, wenye mimea adimu ukiwamo mti uliopewa jina la msitu huo, Millettia puguensis, nao umekaa kwenye vilima vifupi vilivyosogelewa na mji. Juu yake hakuna mlima.

Miti mingine haina hata njia ya ghala. Mbegu za mwembe, mfenesi, mparachichi na mnazi hufa zikikaushwa, hivyo haziwezi kugandishwa kama punje za mtama. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 8 ya mimea yote yenye mbegu duniani iko katika kundi hili, na sehemu hiyo ni kubwa zaidi kwenye misitu yenye mvua ya nchi za joto. Hifadhi yao ni kuwaacha wasimame walipo.

Baridi ya benki na jua la shamba

Benki za mbegu hufanya kazi isiyo na mbadala. Benki ya taifa iliyoko Arusha na ghala la dunia la Svalbard, Norway, lililofunguliwa mwaka 2008 na kuwekwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri, hulinda urithi ambao shamba linaweza kuupoteza kwa msimu mmoja mbaya. Lakini mbegu iliyogandishwa imesimama. Joto linapopanda nje, yenyewe inabaki na maarifa ya mwaka iliyowekwa. Mbegu inayojifunza ni ile inayopandwa, ikateseka, na ikavunwa kutoka kwenye mimea iliyoshinda.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuzizoesha mbegu joto jipya haitafanyika kwenye majokofu peke yake. Mbegu za kienyeji za pwani, za mchicha, kunde na mtama, zinastahili kulimwa, kuteuliwa na kutunzwa palepale penye joto, sambamba na aina bora zinazotoka vituoni. Njia yake iko ndani ya uwezo wa kila mwenye tuta. Mchicha uliostahimili Februari bila kuchanua mapema uachwe ukomae; mbegu zake zianikwe kivulini mpaka zikauke kabisa, zitiwe kwenye chupa inayofungwa vizuri, na chupa iandikwe mwezi na mwaka, iwekwe sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Mvua zikirudi, zipandwe.